Plasta Niliyofungwa Bila Kuvunjika

Nikiwaambia kwamba niliwahi kufungwa plasta kwenye mguu mzima, tena kwa kuomba mwenyewe, mtacheka, na chekeni tu, maana waliokuwapo siku ile walicheka zaidi na mimi nilikuwa hapo hapo nikisikia.

Nilifika Kitui nikitoka Voi, juu ya lori la saruji, tukakwama siku mbili tukingoja mto Athi upungue, halafu Ikutha, Mutomo, vumbi na vumbi tena, mpaka nikashuka mjini sijulikani ni mtu au ni mfuko. Nilidhani nitakaa wiki moja (ndivyo nilivyodhani kila mahali siku hizo). Nilikaa karibu mwaka, nikitunza uwanja wa shule moja upande wa Matinyani, na likizo ya Agosti wakaja wanafunzi wa chuo kikuu kupiga kambi ya mpira, na pamoja nao Mwende.

Mwende alikuwa msichana wa Migwani, anamalizia kusomea matibabu ya viungo. Wachezaji aliwanyoosha misuli kwenye veranda, juu ya benchi lililotandikwa blanketi la kijivu, na mimi ndiye niliyemchemshia maji ya kukanda. Jioni ya kwanza tulikunywa chai pamoja akacheka Kikamba changu cha kuokoteza, na kwa upande wangu mambo yakawa yamekwisha, bado mahari tu. Lakini kila asubuhi goti la Kyalo lilipewa saa nzima. Kyalo alikuwa mshambuliaji wao, anasomea sheria, na goti lake mara likunjwe, mara linyooshwe, mara lishikwe tu, huku mimi nikisimama na ndoo na kupewa "asante, kaka." Usingizi ulinipotea. Mwanamume mzima kuonea goti wivu!

Ndipo nikamwendea Mutua, rafiki yangu aliyekuwa akifunga watu plasta kwenye kliniki moja mjini.

"Umeanguka wapi?"

"Sijaanguka."

"Sasa plasta ya nini?"

"Ya Mwende."

Mutua alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifunga kutoka chini ya goti mpaka kwenye vidole, akaniazima na magongo. Nilirudi shuleni nikijikokota, nikajilaza kwenye benchi lile lile, nikafumba macho.

"Pole sana, kaka," Mwende akasema. "Lakini mguu ulio ndani ya plasta mimi siugusi. Rudi ikishatolewa, baada ya wiki sita."

Kambi ilikuwa imebakisha siku tisa.

Na Kyalo (hiki ndicho kilichoniuma zaidi) akawa mwema. Aliniletea kiti, akaomba kalamu ya Mwende, akaandika kwenye plasta yangu: "Pona haraka, mzee." Mzee! Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumamosi wakacheza na vijana wa mjini. Goti la Kyalo lilikuwa limevimba tena, kwa hiyo alikuwa amelazwa kwenye lile benchi, limehamishiwa chini ya mgunga pamoja na blanketi lake, Mwende akimfunga bendeji, na mimi kwenye kiti changu nikihesabu mizunguko ya ile bendeji. Mpira ukapaa ukagonga mzinga wa nyuki uliotundikwa juu yetu, na sauti iliyotoka humo sihitaji kuieleza kwa mtu wa Ukambani.

Nilikimbia. Sikukumbuka magongo, sikukumbuka plasta, sikumkumbuka Mwende. Nilipita wachezaji wawili wenye viatu vya mpira, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Ni pale dirishani ndipo nilipoona kwamba Mwende hakukimbia. Kyalo hakuweza kusimama, na yeye alikuwa amejilaza juu yake, blanketi la kijivu limewafunika wote wawili.

Nyuki walipotulia nikatoka. Kijana mmoja alikuwa amenishikia magongo.

"Mzee, haya hapa. Yalishindwa kukufuata."

Mwende alikuja jicho moja limefumba kwa uvimbe. Hakunitukana. Aliniambia nikae, akautumbukiza mguu wangu kwenye maji niliyoyachemsha mwenyewe asubuhi, plasta ikalainika, akaikata kwa mkasi. Kisha akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akaubonyeza pole pole kutoka goti mpaka kifundo, mikono ile niliyoiota wiki nzima, timu yote imetuzunguka.

"Angalieni vizuri," akawaambia. "Huu ni mguu mzima."

Kesho yake alfajiri niliondoka Kitui kwa miguu, mmoja mweusi na mmoja bado una unga mweupe, na sijarudi tena. Siku hizi nikiumwa na mguu, na sasa unauma kweli, natembea nao hivyo hivyo mpaka uchoke wenyewe. Plasta sitaiomba tena. Kama Mwende na Kyalo walioana sijui, sijawahi kuuliza. Goti lake nilishalisamehe. Lile blanketi bado.