Aliyetufungia Alikuwa Ndani Pamoja Nasi

Aliyetufungia mlango hakuwa nje.

Alikuwa humo humo ndani, amepiga magoti chini ya jukwaa, anatusaidia kutafuta ufunguo.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kaa vizuri nikupe.

Mimi ni mwalimu wa klabu. Asubuhi hunioni shuleni. Wenzangu wanapofungasha mikoba baada ya kengele ya mwisho, mimi ndo kwanza nafungua chumba cha maigizo.

Wanafunzi wangu ni wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Umri wa tabu ule. Ukiwaita watoto wananuna, ukiwaita wakubwa wanajificha.

Chumba chetu kiko ghorofa ya juu, mwisho kabisa wa korido. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Dirisha moja, lina nondo. Mlango mmoja wa mbao nene, na kitasa cha kizamani ambacho bila ufunguo hakifunguki, uwe ndani, uwe nje.

Ufunguo huwa nauacha palepale kwenye kitasa, unaning'inia.

Ijumaa hiyo mvua ilikuwa inalipiga bati mpaka tunafanya mazoezi kwa kupayuka. Tulipomaliza nikawaambia, "Haya, mabegi mgongoni, kila mtu kwao."

Nikavuta mlango. Umegoma.

Nikavuta tena. Wapi!

Nikatazama kitasa. Ufunguo hakuna.

"Nani kauchukua?"

Kila mtu akaanza kuangalia chini ya begi lake.

"Redio!"

Redio ni mvulana mmoja mwenye mdomo usiopumzika. Ukimzima hapa anawakia kule. Kitu chochote kikipotea, jina la kwanza kutajwa ni lake.

"Ticha, mbona mimi tena? Nisachi!"

Akageuza mifuko nje. Ikadondoka karatasi ya pipi na kipande cha kifutio. Wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka.

Sikiliza, mimi na vyumba vilivyofungwa hatupatani. Hata bafuni kwangu sisukumi komeo. Sasa niko na kundi la watoto kwenye chumba chenye nondo, simu nimeiacha ofisi ya walimu inachaji, wao simu hawaruhusiwi, na mlinzi yuko getini ng'ambo ya uwanja. Kwa mvua ile, hata ungepuliza tarumbeta asingesikia.

Nikaanza kusikia shati linanibana shingoni.

"Tafuteni! Wote!"

Wakatawanyika. Huyu anainua kapeti, yule anakung'uta mavazi ya igizo. Aliyekuwa anatafuta kwa bidii kuliko wote ni Pazia.

Pazia ni msichana mwembamba, mpole, ukimsalimia anajibu kwa macho. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikataa katakata kupanda jukwaani. Aliomba kazi moja tu, kuvuta pazia. Na tangu ajiunge hajakosa hata siku moja.

Tulitafuta mpaka tukatafuta mahali ambapo ufunguo haungeweza kuingia. Hola.

Nikagonga mlango mpaka kiganja kikawaka moto. Nikaita. Sauti yangu ikaishia koridoni.

Jasho likaanza kunitiririka mgongoni na huku nje ni baridi. Nikawa navuta hewa haishuki. Nikajiambia, mwalimu, usianguke mbele ya watoto.

Nikasogea dirishani nipate upepo.

Ndipo nikamwona.

Chini uwanjani, mwavuli mweusi unakuja taratibu, unakwepa madimbwi. Nikamtambua kwa mwendo. Baba mdogo wake Pazia!

Huyu bwana, shule nzima inampenda. Baba yake Pazia alipofariki, yeye kama mdogo wa marehemu ndiye aliyemchukua shemeji yake na watoto, wakaenda kukaa kwake. Mbao za jukwaa letu katoa yeye. Pazia lenyewe, kitambaa chake katoa yeye. Kila jioni anakuja kumchukua mtoto mwenyewe, na haondoki bila kunishika mkono na kuniambia, "Mwalimu, Mungu akuzidishie."

Moyo ukatulia. Nikashika nondo, nikavuta pumzi ndefu nimwite.

Puu!

Kitu kizito kikaanguka nyuma yangu.

Nageuka, Redio yuko sakafuni. Ameshika kifua. Anapumua kwa filimbi, hiiii, hiiii, macho yamemtoka.

"Ticha! Redio ana pumu!" mmoja akapiga kelele.

Ana pumu? Mbona sikuwahi kuambiwa?

Nikamrukia. Nikamfungua vifungo vya shati. "Vuta pole pole, mwanangu. Dawa yako iko wapi?"

Akanyoosha kidole mlangoni. Nje. Ile dawa ya kuvuta iko nje!

Hapo akili ikaniruka. Nikauparamia mlango kwa bega kama mwehu. Haukutikisika hata kidogo. Nikafikiria mama yake. Nikafikiria nitamwambia nini.

"Mwalimu."

Sauti ndogo.

Nageuka, Pazia ameketi chini, anavua kiatu. Akaingiza vidole ndani ya soksi, akatoa ufunguo.

"Chukua," akasema, machozi yanamdondoka. "Chukua, asife."

Pazia? Pazia huyu huyu?

Kabla sijaupokea, yule mgonjwa aliyekuwa anakata roho akafumbua jicho moja.

"Weee! Rudisha kwenye soksi! Naigiza!"



Redio akaketi, anapumua vizuri kuliko mimi. "Sasa ningefanyaje? Ticha alitaka kumwita yule baba. Ningemwacha amwite?"

Nikauchukua ufunguo, nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeshangaa. Wote wanatazama vidole vya miguu.

Nikaelewa. Kuanzia anayeinua kapeti mpaka anayekung'uta mavazi, wote walikuwa wanaigiza. Mtazamaji alikuwa mmoja tu, mimi.

"Nani ataniambia kinachoendelea humu?" Nilitaka iwe sauti ya ukali, ikatoka ya kuomba.

Pazia akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Leo baba mdogo ananipeleka stendi. Tukitoka hapa, moja kwa moja."

"Mnakwenda wapi?"

"Ananipeleka mimi. Kuna rafiki yake, mbali huko, anaishi peke yake. Kasema nikamsaidie kazi, nikizoea nitakaa hukohuko." Akarudisha mguu kwenye kiatu. "Begi amelipanga mwenyewe. Ameweka nguo zangu zote. Sare ya shule hakuiweka."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama anasemaje?"

"Mama hana sauti pale nyumbani. Akiongea, analala na macho yaliyovimba."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Mwalimu, wewe kila siku unamsifia."

Nilikosa pa kuweka uso.

Nyayo zikasikika kwenye ngazi. Nzito, za mtu asiye na haraka. Zikaingia koridoni. Watoto wakasogeleana nyuma yangu bila kuambiwa.

Ufunguo niko nao mkononi. Umepata joto.

Fikiria hapo. Nyuma yangu nondo, mbele yangu mtu mwenye haki zote za kumchukua mtoto. Mimi si mzazi, si polisi, si mwalimu mkuu. Ni mtu wa klabu tu. Na mwili wote unanililia: fungua, utoke, uvute hewa.

"Hodi, mwalimu!"

Nikatia ufunguo mfukoni.

"Karibu, baba. Ila tuna balaa huku. Mlango umejifunga na ufunguo hatuuoni."

Redio akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa.

"Poleni sana. Basi mwambie binti ajiandae, tuna safari."

"Safari ya wapi, baba? Jumatatu si kuna masomo?"

Akajaribu kitasa kwa nje. "Mambo ya kifamilia, mwalimu."

"Mlango ukifunguka nitapenda kuongea na mama yake kwanza."

"Mama yake ndiye aliyenituma." Sauti bado ni ile ya asali, ila sasa ina mchanga. "Sogezeni watoto pembeni, niusukume."

"Usisukume, baba, utawaumiza, wako karibu!"

Teke la kwanza likatua. Vumbi likadondoka kutoka juu ya fremu.

Msichana mmoja akaanza kulia. Redio na wenzake wakaikokota meza ya igizo, ile ya mfalme, wakaiegemeza mlangoni. Nami nikaegemeza mgongo wangu juu yake.

Teke la pili.

"We mtoto! Unanisikia? Toka!"

Ile sauti sikuwahi kuisikia. Pazia aliifahamu. Alikuwa amejikunja pembeni, ameziba masikio, ametulia kama mtu aliyezoea.

Na mvua nayo haikomi. Niliomba kitasa kile nilichokilaani saa ile kisije kikanisaliti.

Teke la tatu halikuja.

Simu yake ililia.

"Nani? ... Sema kwa nguvu, mvua! ... Gari? Gari gani? ... Godoro?"

Tukatega masikio.

"Shemeji gani anapakia godoro? ... Tangu saa ngapi?! ... Mzuieni! ... Wameondoka?"

Akatukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Halafu tukasikia viatu vinashuka ngazi mbiombio. Nikakimbilia dirishani. Alikuwa anakata uwanja bila kukwepa dimbwi lolote, mwavuli kausahau.

Nikageuka kumwambia Pazia. Sikuhitaji. Alikuwa ameyaachia masikio, anatabasamu na kulia kwa pamoja.

"Mama katoka," akasema. "Kaweza kutoka."

Sasa ndipo nilipoelewa kisa chote, na mpaka leo nikikumbuka nywele zinasimama.

Duka la yule bwana liko mbele ya nyumba yake. Anashinda mlangoni pale kutwa nzima, na hakuna anayeingia wala kutoka bila kupita mbele ya macho yake. Muda pekee anaoondoka ni jioni, anapokuja kumchukua mtoto klabuni. Anakwenda na kurudi chapchap, mama mtu hawezi hata kuanika nguo.

Mama alihitaji muda mrefu zaidi. Dada yake alikuwa amepata pikapu ya kuazima, na ilikuwa Ijumaa hiyo au basi.

"Mama aliniambia nimcheleweshe," Pazia akasema. "Hakuniambia nimchelewesheje."

"Nikamwambia hilo atuachie sisi," Redio akadakia. Asingekuwa Redio asingedakia.

Ningeweza kufungua mlango wakati huo. Sikufungua. Nilikaa sakafuni na ufunguo mfukoni, nikawaambia hatoki mtu hapa mpaka tujue mama yuko wapi. Tukawa tunapeana zamu dirishani. Huo ndio ulikuwa muda mgumu kuliko yote. Kila mwanga wa gari barabarani, Pazia anasimama. Likipita, anakaa. Je, kama wamekutana njiani? Hakuna aliyelisema hilo, ila liliketi katikati yetu.

Mwishowe Redio, zamu yake, akanong'ona. Redio kunong'ona!

"Pazia. Njoo uone."

Pikapu imesimama getini. Nyuma imejaa masufuria, ndoo, na godoro lililolowa chapachapa. Mwanamke ameshuka, mtoto mdogo mgongoni, mguu mmoja hauna kiatu. Anabishana na mlinzi huku ananyoosha kidole kwenye dirisha letu.

Nilifungua mlango. Pazia alinipita kama upepo.

Nilipowafikia, wameshikana katikati ya mvua. Mama akanitazama juu ya kichwa cha mwanawe.

"Samahani, mwalimu. Nasikia amekufungia ndani."

"Hapana, mama," nikasema. "Nilijifungia mwenyewe."

Tulimpigia mwalimu mkuu, akaja na kandambili miguuni, tukaongozana wote kituo cha polisi, kisha kwa watu wa ustawi wa jamii. Baba mdogo naye alifika, kavaa tena ile sauti ya asali, akadai nimemteka mtoto wake. Afisa akamuuliza Pazia kama anaweza kueleza mwenyewe.

Akasimama. Akaeleza kuanzia mwanzo hadi mwisho, wazi, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma. Msichana ambaye sikuwahi kumpata aseme hata mstari mmoja jukwaani. Hapakuwa na mtu aliyemkatisha. Alipomaliza, yule bwana alikuwa anatazama sakafu.

Leo anakaa na mama yake kwa mama mkubwa wake, anasoma shule nyingine. Nasikia yuko klabu ya midahalo, na wenzake wanamwogopa.

Nawe mwalimu, mzazi, au mlezi unayesoma hapa, nikuachie hili moja. Tunadhani wanabaki baada ya masomo kwa sababu wanapenda kuchora, kuimba au kucheza mpira. Wengi ndivyo. Lakini yupo anayebaki kwa sababu ile ndiyo saa pekee ambayo hayuko kwao.

Siku hizi klabu ikiisha simwangalii anayetoka mbio. Namwangalia yule anayepanga viti ambavyo tayari vimepangika. Huyo namsogelea, nachukua kiti kimoja, tunapanga naye. Simuulizi kitu.

Mara nyingi, kwenye kiti cha tatu au cha nne, anaanza kuongea mwenyewe.