Neva za Mtoto wa Mollo

Nilirudi Sumbawanga kutoka masomoni ng'ambo na kichupa kimoja cha kingamwili, nimekizamisha ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Barafu hiyo niliiomba kila treni iliposimama mpaka Tunduma, kisha nikapanda lori la sabuni na matairi lililokuwa likija Ufipa. Wenzangu wa kozi walirudi na redio. Mimi nilirudi na majimaji yaliyotokana na damu ya sungura, na nilijiona nimewazidi.

Kingamwili zile zilikuwa na kazi moja. Unakata kinyama cha mgonjwa kiwe chembamba sana, unakilaza juu ya kioo, unakidondoshea majimaji hayo, kisha unaweka rangi. Chini ya darubini, nyuzi za neva zinajitokeza kwa rangi ya kahawia, pamoja na vichembe vidogo vya ukuta wa utumbo vinavyotoa homoni. Kwa ile rangi yetu ya kila siku, nyuzi za neva na za msuli zilifanana mno, na mara nyingi nilikuwa nabahatisha.

Friji ya maabara ya hospitali, nilikofanya kazi, ilitumia mafuta ya taa. Mvua za mwaka ule zilikata barabara, mafuta yakaadimika, na bila baridi kingamwili huharibika. Nilikwenda kwa mzee mmoja mjini mwenye duka na malori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umefuata mafuta, hata nyumbani kwangu tunawasha mishumaa. Lori langu limezama topeni Laela."

Hospitalini mafuta kidogo yaliyobaki yalipewa friji ya chanjo. Hilo sikulipinga. Niliomba tu kichupa changu kikae humo pembeni. Mhusika wa chanjo akasema vitu vya maabara havichanganywi na chanjo, akafunga mlango. Mwingine akanifariji kwamba Ufipa kuna baridi, dawa itajitunza yenyewe. Nikakifunga kichupa kwa kitambaa kibichi, nikakiweka ndani ya mtungi, nikijua kabisa kwamba baridi ya Ufipa siyo baridi ya friji.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Mollo na kichanga kilichovimba tumbo kama ngoma. Kiswahili chake kilikuwa cha shida kidogo.

"Dada, anakula, lakini hatoi," aliniambia. "Anajaa tu."

Daktari wetu wa upasuaji alihisi sehemu ya mwisho ya utumbo wa mtoto ilikosa chembe za neva, kwa hiyo haikuweza kusukuma choo. Alikata kinyama, akaniletea mwenyewe.

"Uliniambia unayo dawa ya kuonyesha neva. Leo ndiyo siku yake."

Niliweka vioo viwili. Kimoja cha mtoto, cha pili cha kidole tumbo cha mtu mzima, ambacho lazima kiwe na neva. Nilifuata kila hatua kama nilivyofundishwa. Kisha nikainama kwenye darubini. Kioo cha mtoto hakikuwa na kahawia popote. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi ndilo jibu. Hana neva."

"Hapana, daktari. Hata hiki cha mtu mzima hakina kitu. Dawa imekufa."

Alitazama mwenyewe, kioo kimoja baada ya kingine. Nilitamani anigombeze. Ugonjwa ule hujulikana kwa kutokuwepo kwa chembe fulani, nami nilikuwa na dawa isiyoonyesha chochote kwa mtu yeyote. Nilirudia tena kwa matone mengi zaidi. Hakuna.

Nikarudi kwenye rangi ya kila siku, nikatafuta chembe za neva mpaka macho yakatoa machozi. Sikuziona, lakini kinyama kilikuwa kidogo, na sikuwa tayari kuapa.

Daktari hakungoja. Alitoboa tumbo la mtoto ubavuni ili choo kipitie hapo, na uvimbe ukashuka siku hiyohiyo. Kinyama kilichobaki tukakipeleka hospitali kubwa. Mama alirudi Mollo akiwa na mtoto aliyefungwa matambaa tumboni, akafua matambaa hayo kwa majivu kwa sababu sabuni haikupatikana. Kila alipokuja kliniki aliuliza kama jibu limefika, nami nilimjibu bado, mpaka nikaanza kuogopa kumwona getini.

Jibu lilifika mtoto akiwa ameshaanza kutembea: chembe za neva hakuna. Akapelekwa Mbeya, wakakata sehemu ile mbovu, wakaunganisha utumbo, akapona. Mama yake aliniletea ulezi kwenye kikapu. Niliupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, lakini nilishindwa kutabasamu vizuri.

Kuhusu kichupa kingine nilichoomba kiagizwe ng'ambo, niliambiwa fedha za kigeni hazipo, nivute subira. Niliomba tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Hakikuja mpaka nahamishwa.