Bwana Jioni

Mume wa dada yangu ni fundi pampu, na kwa kuwa ni shemeji yangu nina haki ya kumsema. Alikuwa mbishi, mbishi hasa. Ukimwambia injini inatoa moshi atakuambia huo ni mvuke, na ukimwonyesha moshi wenyewe atakuuliza ulisomea wapi ufundi. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kinanuka petroli na mpira ulioungua. Dada alipenda kusema kwamba yeye hakuolewa na mwanaume, aliolewa na chuma chakavu.

Mtaani walimwita Bwana Jioni, na jina hilo alilipata kihalali. Mto wetu unateremka kutoka mlimani. Mvua inaweza kunyesha huko juu huku sisi wa chini tunaanika nguo juani, kwa hiyo wanawake waliofua mtoni na wachimba mchanga walimwendea yeye kuuliza kama wana muda. Alitoka mlangoni, akapangusa mikono, akayatazama mawingu kwa madaha kana kwamba ni yeye aliyeyaagiza. "Mvua ya asubuhi, maji jioni. Endeleeni na kazi." Na kweli, maji yalifika jioni, taratibu, watu wakiwa wameshakusanya ndoo zao. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Sikumbuki siku aliyokosea, na kuringa aliringa.

Kisha ukaja ukame, ukakaa kama mgeni asiyeaga. Mto ulipungua ukawa kijito cha kuruka kwa hatua, ukawa madimbwi, mwisho ukawa mchanga mtupu. Wenye mashamba ya kando wakauhamia mto wenyewe. Kila mmoja alichimba kisima katikati ya mchanga na kukijengea mapipa ya mafuta yaliyotobolewa vitako, pipa juu ya pipa, ili kisiporomoke. Maji yakishuka, unachimba tena, unaongeza pipa, na pampu unaiteremsha iyafuate, maana ikikaa mbali haivuti. Ndani ya mapipa yale mwanaume mwenye mabega hapenyi. Shemeji ana mabega. Basi aliyeshuka alikuwa dada yangu, ambaye kwa shida za wakati ule alikuwa amekonda mpaka nguo ndizo zilizomvaa yeye. Mumewe alimfunga kamba kiunoni na kumteremsha kwa roda iliyoning'inia kwenye gogo. Kikibaki kichwa tu nje, dada alitutania: "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi mwenzenu nimetumbukia kabisa."

Tulicheka kwa adabu tu. Pampu ile ndiyo iliyobaki kati yetu na kuhama. Iliwanywesha mbuzi, mboga, watoto wao na wangu, na nusu ya mtaa waliokuja na ndoo zao. Dada aliifunika kwa shuka la kitandani kwake ili isiingie vumbi. "Hii ikienda," aliniambia, "na sisi tumekwenda."

Halafu mlima ukaungua. Moto ulikula msitu wote tunaouona kutoka mlangoni, majivu yakatuangukia kwenye nguo tulizoanika na kwenye uji wa watoto. Ulipozimika, mlima ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Tuliulilia msitu kidogo, lakini mvua tuliililia zaidi.

Akaja msichana mmoja wa ofisi ya maji, akatukusanya ukingoni.

"Jamani, mvua ikianza tokeni mtoni mara moja," alisema. "Zamani msitu ulikuwa unainywa mvua, halafu unaiachia polepole. Sasa udongo umeungua, umekuwa kama sahani. Maji hayataingia ardhini, yatashuka yote kwa pamoja."

"Binti yangu," shemeji akamjibu, "huu mto nimeujua kabla mama yako hajajua kukubeba. Mvua ya asubuhi, maji jioni."

Watu wakacheka na kumpigia makofi. Yule msichana alirudia maneno yake kwa sauti ya chini, akaondoka.

Siku ya mvua, jua lilichomoza kwetu kama kawaida, lakini mlimani mawingu yalikuwa yamelala. Tuliiona mvua ikining'inia huko juu kama pazia. Majirani walipiga vigelegele, na mimi nililia kwa furaha mpaka kamasi zikanitoka. Shemeji alisimama mlangoni, akatazama, akaridhika.

"Tuna muda mpaka jioni," alisema. "Mama Watoto, twende tukaitoe pampu kabla mto haujaifukia."

"Ngoja nimalize kumsuka mtoto."

"Malizia, hakuna haraka."

Akamaliza, tena vizuri, na ushanga akamtia. Nilifuatana nao ili nisaidie kubeba mpira wa maji. Utaratibu ulikuwa ule wa siku zote: dada ashuke, aifungue pampu, aifunge kwenye kamba, tuivute, kisha kamba irudi chini imchukue yeye.

Alikuwa bado anahangaika na boliti niliposikia lori zito likija. Upande ule hauna barabara. Shemeji aliinua kichwa. Watu wa ng'ambo walianza kukimbia huku wakitupungia mikono, na mmoja aliliacha koleo lake limesimama mchangani.

Shemeji alijitupa kifudifudi kwenye mdomo wa kisima. "Acha pampu! Jifunge wewe! Maji yamefika, jifunge kamba wewe!" Alipiga kelele bila kupumua, sauti yake ikapasuka. Kamba ikatikiswa mara mbili, ndiyo ishara yetu ya kuvuta. Tukavuta. Ilikuwa nzito kama mtu, naye shemeji alivuta akicheka na kulia kwa pamoja. "Anakuja, shemeji! Nimempata, anakuja!" Nilinyoosha mikono nimdake.

Ilitokea pampu.

Aliirusha kando, akaanza kuirudisha kamba chini, na hapo ndipo kona ya mto ilipojaa. Siyaiti yale maji. Lilikuwa tope jeusi lenye magogo yaliyoungua na mawe, linanuka moshi. Mchimba mchanga mmoja alinibeba mzima mzima. Wengine walimburuta shemeji kwa miguu, kamba ikiwa bado mkononi mwake. Kutoka ukingoni tuliyaona mapipa yakilala. Ilikuwa bado asubuhi, chai jikoni kwa dada haijapoa.

Dada tulimpata tope la kingoni lilipokauka. Mto uliendelea kupita mweusi, na hata mbuzi wenye kiu walinusa wakarudi nyuma. Watu walituletea "kazi ya Mungu haina makosa" yao, nikawaacha waseme. Mimi nilimchukia shemeji. Nilimchukia mpaka nikamwombea kifo, na kwenye msiba sikumpa mkono.

Pampu inafanya kazi vizuri. Ndiyo inayowalisha watoto. Ubishi umemtoka. Leo mteja akimwambia injini inatoa moshi, anaitika "ndiyo" na kuendelea kufungua. Watu wakimuuliza mawingu yanasemaje, anaingia ndani na kufunga mlango wa bati. Jina lile hakuna anayelitamka tena.

Lakini huja kwangu. Husimama kizingitini, kiti hakitaki, na swali lake ni lile lile.

"Shemeji, wewe ulikuwa karibu. Alinisikia?"

"Hakusikia," namwambia. "Mapipa yalimeza sauti."

Hushusha pumzi, akaenda zake. Siku ile yeye alikuwa akipiga kelele, hakuweza kusikia kitu. Mimi nilikuwa nimeinama kando yake, nikasikia. Dada alijibu kutoka kule chini, kwa utulivu, kama mke anayemtuliza mume mwenye papara: "Muda upo, Baba Watoto. Pokea hii kwanza."