Mkasi wa Mzee Pindo

Jina la Mzee Pindo lilitokana na suruali za shule. Kila suruali aliyoshona aliiachia pindo la vidole vinne. Mtoto akirefuka, linafumuliwa. Wazazi walimsifu kwa hilo mpaka akavimba kichwa. Kwa miaka thelathini mkewe aliketi kuliani kwake akishona vifungo, nao wateja wakamwita Mama Vifungo. Duka lenyewe lilikuwa finyu, mmoja akijinyoosha mwingine anapigwa kiwiko, na wawili hao walitaniana kutwa.

Miezi mitatu hii utani ulikatika. Mteja akiuliza kama nguo iko tayari, mzee anamng'akia utadhani ameibiwa. Mara mgongo unauma, mara tumbo limejaa gesi. Usingizi unamwisha alfajiri, chakula anakichokonoa na kukisukuma kando. Mama Vifungo akampeleka kupimwa mgongo, akampeleka kupimwa macho, akamnunulia dawa ya kuchua. Ugonjwa wa huzuni hakuufikiria kabisa, na kisa ni kwamba alidhani anaujua. Miaka miwili nyuma binti yao alipojifungua, alishinda akilia, asitake hata kumshika mtoto. Daktari akawaambia huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Kwa Mama Vifungo, basi, sonona ilikuwa machozi ya mzazi kijana. Mwanaume wa miaka sitini na sita asiyetoa hata chozi alikuwa na uzee tu, na gubu.

Kisha wiki moja mzee akatulia. Alimaliza kazi zote, hata gauni lililolala kabatini tangu mwaka jana. Kila nguo aliibandika kikaratasi chenye jina la mwenyewe, mabaki ya kitambaa akayakunja ndani yake. Mama Vifungo akampigia binti simu kwa furaha: "Baba yako amepata nafuu."

Kesho yake, saa nne asubuhi, mzee alisema anakwenda nyumbani kujinyoosha. Alipoondoka, Mama Vifungo aliinuka kutafuta uzi mweusi, akaona mkasi mkubwa haupo. Akachungulia duka la fundi jirani, akaukuta huko unakata kitambaa. Alishtuka. Fundi hatoi mkasi wake, kwa kuwa mkono wa mtu mwingine huharibu makali. Yeye mwenyewe, mke wa ndoa, alikuwa akikata nyuzi kwa wembe miaka yote hiyo.

"Mbona unao wewe?"

"Kanipa asubuhi, shemeji. Kasema nichukue tu, yeye hauhitaji tena. Nikadhani mnafunga duka."

Vile vikaratasi, yale mabaki yaliyokunjwa vizuri: mzee alikuwa anaaga. Na yeye, mjinga mkubwa, alikuwa akishangilia!

Alitoka bila kufunga mlango, simu sikioni. Binti alimsikiliza, akamkatiza. "Mama, kimbia. Ukimkuta, muulize waziwazi kama anataka kufa. Na usimwache peke yake hata dakika moja."

"Nimuulize hivyo? Si nitamtia wazo kichwani?"

"Humtii. Mimi wakati ule nilikuwa nalo tayari. Nilitamani sana mtu aniulize."

Hilo Mama Vifungo hakuwahi kulijua. Alisimama katikati ya njia, kisha akavua kandambili akakimbia.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, mikono magotini.

"Umesahau nini?" mzee aliuliza kwa ukali.

Mama Vifungo alianza na habari za uzi mweusi, akaona haya, akaziacha. "Mzee wangu, unataka kufa?"

"Maswali gani hayo? Mgongo unaniuma."

"Sijakuuliza mgongo."

"Ndiyo," mzee alisema, kwa sauti ile ile anayotajia kipimo cha kiuno. "Nimechoka, na wala sijui nimechoshwa na nini. Hakuna aliyenikosea."

Mama Vifungo alitaka kumkumbatia, na alitaka kumzaba kofi. Akaketi, akamshika mkono. "Huo ni ugonjwa. Ndio ule ule wa binti yako, kwako umekuja na hasira."

"Wa binti? Mimi nimezaa lini?"

Kicheko kilimtoka mama kabla hajajua kama anacheka au analia. "Inuka, twende hospitali."

"Kesho."

"Sasa hivi."

Mzee akainuka taratibu, akasema ngoja kwanza aende chooni. Mkewe naye akainuka.

"Utanifuata mpaka huko?"

"Nitakufuata."

"Aibu hiyo."

"Niachie mimi hiyo aibu."

Aliuzuia mlango wa choo kwa mguu usifungike, akageuza uso, akaanza kusema: mvua, jirani, bei ya vifungo, lolote lililomjia. Na kila alipomaliza jambo moja, hakuanza jingine mpaka amsikie mzee ameitikia.