Barua ya Kumfukuza Kocha wa Korongo

Walisema sitauelewa mchezo ule. Walisema hivyo hivyo kuhusu diploma yangu, kwamba mlinzi wa geti hawezi kusoma jioni baada ya kusimama kutwa nzima, na kabla ya hapo walisema Johannesburg sitamaliza hata mwaka. Mwanangu, yote matatu niliyaweza. Diploma ya uongozi wa biashara niliisomea Braamfontein kwa fedha yangu mwenyewe, na ile hapo ukutani unaiona. Mwaka walioniambia sitaumaliza ulizaa mingine kumi na moja. Na besiboli naijua kuliko wengi waliozaliwa nayo. Lakini katika miaka yote hiyo ipo Jumamosi moja ambayo siitundiki ukutani, na kila nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Nitakusimulia hiyo, kwa sababu jana nilikusikia unavyomtukana kocha wa timu yako kwenye simu, nikajisikia mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Usicheke. Ukifika umri wangu utajua kwamba thelathini na sita ni utoto wenye ndevu. Nilikuwa nalinda uwanja mmoja wa michezo kule Randburg, na wiki za kwanza niliuona mchezo ule ni kichekesho: watu wazima waliovaa suruali za kubana wamesimama juani, wanatema mate, wanasubiri. Kisha siku moja gongo likaukuta mpira sawasawa. Mwanangu, ile sauti! Mpira ulipaa juu ya miti ya jakaranda, watu wakasimama wote kwa pamoja, nami nikajikuta nimeacha geti wazi na nimerusha kofia ya kazi hewani. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mgonjwa asiyetaka dawa.

Nikuelezee kwa ufupi ili usipotee. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji mwenye gongo anajaribu kuupiga, na akikosa mara tatu anatoka. Utamu wote uko kwenye aina ya mpira. Unaweza kuja moja kwa moja kama jiwe la manati. Unaweza kuja kisha ukapinda dakika ya mwisho. Unaweza kuja polepole, mpigaji akazungusha gongo lake mapema kama mtu anayefukuza nzi. Mpigaji asiyejua unakuja upi yumo mashakani. Akijua, kwake ni arusi.

Timu ya uwanja wetu iliitwa Korongo, na mimi niliipenda kwa moyo wote. Jumamosi nilibadilishana zamu na mlinzi mwenzangu Mrundi, nikawakusanya Waswahili wenzangu, Wakongomani wengi, Warundi, Wakenya wawili watatu, tukakaa nyuma ya wavu, hatua chache tu kutoka anaposimama mpigaji. Hapo mimi nilitangaza mechi kwa Kiswahili kama mtangazaji wa redio, kwa sauti niliyojaliwa. Watu walikuwa wakicheka, wanakula maandazi, wanaelewa mchezo kwa mdomo wangu. Waliniita Diplome, kwa Kifaransa chao, nami nilipenda kuitwa hivyo. Niliona pale hakuna wa kunifikia.

Na sikutangaza yaliyopita tu. Baada ya miezi michache nilikuwa nimegundua siri. Kabla ya kila mpira, kocha alimwashiria mrushaji kutoka benchi. Akigusa kofia, mpira wa moja kwa moja. Akigusa sikio, wa kupinda. Akijipangusa mkono, wa polepole. Hakuna aliyenifundisha, nilikaa nikatazama mpaka nikajua. Basi nikawa natabiri. "Sasa unakuja wa polepole," nasema, na mpira unakuja polepole kweli, na jamaa zangu wanashika vichwa. Mmoja aliniuliza kama nina babu mganga.

Tatizo ni kwamba Korongo walikuwa wanafungwa. Walifungwa Septemba, wakafungwa Oktoba, wakafungwa Krismasi ikipita, na kila wakifungwa mimi nilimtazama mtu mmoja tu: Kocha Pieter. Alikuwa mzee mweupe mkimya, miguu mirefu kama ya korongo mwenyewe. Wakongwe wetu aliwakalisha benchi. Sipho, mrushaji aliyejua kila hila, alikuwa anakula mbegu za alizeti kivulini wakati Lwazi, kijana wa miaka kumi na tisa, anatetemeka katikati ya uwanja. Ukimuuliza, kocha alisema anajenga timu ya miaka mitatu ijayo. Miaka mitatu! Nyumba inaungua leo, yeye anapanda miti ya kivuli. Nilikuwa naona kabisa timu haina dira, na nilikuwa na diploma ya kunithibitishia kwamba naona.

Nikaandika barua. Kurasa mbili za Kiingereza kilichonyooka, kuiomba kamati ya klabu imwondoe Kocha Pieter. Niliizungusha kwa mashabiki, wakatia saini arobaini na kitu, wazungu kwa weusi, na wote walinipa mkono. Mlinzi wa geti, mwanangu, ndiye aliyekuwa anaongoza mapinduzi. Nikaikabidhi kwa mwenyekiti siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya msimu. Kikao kikapangwa Jumanne.

Sasa hiyo mechi ya mwisho. Atakayefungwa anashuka daraja la pili. Wingu jeusi la alasiri lilikuwa limeinama juu ya jiji, radi inanguruma mbali, na uwanja umejaa. Kati yetu siku hiyo alikuwepo Papa Kashindi, fundi cherehani Mkongomani mwenye mashine yake pembeni ya barabara kule Marshalltown. Yeye ndiye aliyekuwa anashona namba za jezi za Korongo. Alikuwa ameleta suruali mbili zilizochanika, akakaa na kifurushi chake magotini.

Lwazi alirusha siku hiyo kama mtu aliyepandwa na mashetani wazuri. Tulifika mwisho tukiongoza kwa pointi moja. Wageni walikuwa na watu wawili vituoni wanaosubiri kukimbia nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinacholeta pointi, na walibakiwa na mpigaji mmoja tu. Tukimtoa huyo, tumebaki daraja la kwanza. Mpigaji alikuwa kijana mrefu mweusi, namba nane mgongoni, anatafuna ubani na anamtania mdakaji wetu kwa Kizulu. Mpira wa kwanza akakosa. Wa pili akakosa. Ulibaki mmoja. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, jasho linanitiririka, na nikamwona Kocha Pieter akipeleka kidole sikioni.

Sikuweza kujizuia. Nilipaza sauti ili hata waliokaa mwisho wanisikie: "Wa kupinda! Tazameni, sasa unakuja wa kupinda!"

Ukaja wa kupinda. Kijana wa namba nane aliusubiri. Hakuharakisha hata kidogo, aliusubiri kama mtu anayesubiri basi lake, na ulipopinda gongo lilikuwa limeshafika pale unapopindia. Mpira ule sikuuona ulipoangukia. Wageni watatu walikimbia nyumbani, sisi zamu yetu ya mwisho ya kupiga tukaambulia patupu, na Korongo wakashuka daraja mvua ikianza kudondoka.

Unajua nilifanya nini? Nilifoka. Niliwaambia wote waliokuwa karibu kwamba hayo ndiyo matunda ya kumpa mtoto kazi ya wazee, kwamba Jumanne kocha yule atafungasha virago, kwamba nilisema tangu Oktoba. Watu walikuwa wanaitikia. Nilikuwa bado nafoka alipokuja yule namba nane. Alizunguka wavu, akampa Papa Kashindi mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Kisha akanigeukia mimi na tabasamu pana.

"Asante, Uncle," akasema. Akapiga gongo la hewani. "Wa kupinda."

Akaenda zake kwa wenzake. Nilihisi kama sakafu ya jukwaa imeondolewa.

Papa Kashindi alinivuta mkono nikakaa. "Ule kijana mama yake ni wa kwetu Uvira," aliniambia taratibu. "Namushonea nguo. Amezaliwa hapa. Kizulu anasema, Kiingereza anasema. Kiswahili haseme, lakini anakisikia chote. Unafikiri mama anamugombeza na luga gani pale nyumbani?"

Nilijaribu kujitetea. Nilisema sikujua, nilisema hakuna anayekuja kwenye besiboli akitarajia Kiswahili. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Diplome," akasema, "mwaka muzima unatafuta mwenye anapoteza hii timu. Unamutafuta na macho. Naye yuko anasema ndani ya kinywa chako." Akafunga kifurushi chake cha suruali. "Barua uliiandika weye. Jumanne uende uisome tena mbele yao, lakini weka jina la haki."

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu, na hainisaidii kitu kukuambia kwamba niliijua. Siku tatu zile nilikuwa nasimama getini nahesabu mechi. Wachezaji wangapi wa timu nyingine walizaliwa mitaa ya Yeoville na mama wa Bukavu, au na baba wa Kigoma? Mechi ngapi nilizitoa bure, nikipigiwa makofi? Sikujua, na mpaka leo sijui. Kilichonitesa zaidi ni hiki: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Wenzangu wa Kiswahili walishaapa kuufunga mdomo. Kocha angeondoka, nami ningebaki shujaa wa saini arobaini na kitu. Na mzee wa watu angepoteza kazi aliyoifanya kwa mapenzi, kwa kosa ambalo sehemu yake ilikuwa yangu.

Jumanne nilivaa suti yangu ya kupokelea diploma. Ukumbi wa klabu ulijaa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisoma barua yangu yote kwa sauti, na nikiri kwamba hata siku ile nilisikia ilivyoandikwa vizuri. Watu walipiga makofi. Akaniomba nisimame nizungumze. Kocha Pieter alikuwa amekaa kiti cha mbele, kofia magotini, anatazama sakafu.

Nilisimama, nikasema yote. Kofia, sikio, mkono. Utabiri wangu wa kila Jumamosi. Kijana wa namba nane na mama yake wa Uvira. Nikasema naliondoa jina langu katika barua, na kama kuna mtu wa kufukuzwa uwanjani, yupo amesimama mbele yao. Sipho, yule mrushaji mkongwe, alijifunika uso kwa viganja akasema "Eish", na kuna mtu nyuma alicheka akashindwa kujizuia. Wengine hawakucheka. Mmoja aliyetia saini alinitazama kama nimemwibia.

Kocha Pieter ndiye aliyeinuka. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Nimekusikia kila Jumamosi tangu Septemba," alisema. "Sikujua unasema nini. Nilidhani unatuombea."

Nimesoma vitabu, nimesimamia watu, nimejenga nyumba mbili na duka hapa nyumbani kwa mikono hii. Sijawahi kuambiwa neno likanifika mahali pale.

Kura zilipigwa, naye akabaki, kwa tofauti ya kura tano. Kushuka daraja tulishuka. Kukiri hakurudishi mpira uliokwishapita ukuta. Nami nilikuwa nimeshaelekea mlangoni aliponifuata. Aliniambia msimu ujao nikae palepale nyuma ya wavu, nitangaze kwa nguvu zangu zote, ila nisubiri mpira upigwe kwanza. Alibadilisha ishara zote, na hizo mpya sikuzitafuta. Macho yangu yalipokwenda benchi niliyarudisha uwanjani. Wale vijana wake niliowabeza walikuwa wakikua mbele yangu, wiki kwa wiki: Lwazi akaacha kutetemeka, Sipho akawa anamfundisha hila zake badala ya kula mbegu, na katika msimu wa tatu, kama yule mzee alivyosema, Korongo wakarudi daraja la kwanza. Nilipiga kelele siku ile mpaka sauti ikanikauka wiki nzima.

Basi mwanangu, sikukatazi kuipenda timu yako, wala sikukatazi kuikasirikia. Asiyekasirika hapendi. Lakini kabla hujadai mtu aondolewe, jiulize umeweka nini wewe katika kushindwa huko, na ujiulize kwa ukali uleule unaomuuliza yeye. Ukijua siri ya watu unaowapenda, ilinde hata kama kuitangaza kutakupa sifa. Sifa ile hulipwa na wao, si wewe. Usidhani lugha yako ni chumba chenye mlango. Dunia imejaa watoto wetu wanaotusikia bila kutujibu. Na ukigundua umekosea, simama mbele ya watu walewale waliokupigia makofi, useme. Heri kuona aibu siku moja tu, kuliko kuishi umebeba jina la ushujaa lisilo lako.

Nenda, na Mungu akulinde ulimi wako kama anavyolinda macho yako. Akupe mzee wa kukukalisha chini utakapofoka, na akupe moyo wa kukaa. Timu yako ishinde, na hata isiposhinda, ikukute uko upande wake. Amina.