Kwa Nini Petroli ya Bi Zuhura Ni Ghali

Niliondoka Tanga kwa sababu ya bei. Tajiri wangu, mwenye ile ndege ya injini moja ninayoirusha, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam hasira zimempanda. Alitaka kujua inakuwaje petroli ya ndege Tanga iwe ghali kuliko Unguja, na Unguja yenyewe ni pale ng'ambo tu, chai unayoimimina Tanga unaimalizia huko. Akaniagiza nipite kwenye viwanja vidogo vya pwani, niulize kwa mdomo wangu, nimletee jibu. Kama Bi Zuhura, muuza petroli wa Tanga, anatuibia, atajua la kufanya. Na kama pampu yake itafungwa, maana uvumi huo ulikuwepo, basi ndege itahamia Unguja, nami nihamie nayo.

Hapo alinishika pabaya. Tangu mke wangu afariki sina mtu ila dada yangu Mwanaidi, anayekaa Chumbageni. Ana sukari, miguu inamsumbua, na wanawe wote wako mbali. Ukiniondoa Tanga umemwacha peke yake, na mimi umenitupa mahali ambapo hakuna wa kuniuliza nimeamkaje.

Asubuhi nilipita kwake kwanza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anachambua mchele, akauliza kama nitarudi kula. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba asijisumbue, nitakula huko huko. Akaendelea kuchambua. Zamani alikuwa akinifunikia. Kwetu mtu akitoka, fungu lake hutengwa na kufunikwa kawa, ili akirudi ajue nyumba haijamsahau. Lakini mimi nilikuwa narudi nimeshiba pweza wa Unguja, na fungu langu kesho yake likawa la kuku. Sijui ni lini hasa aliacha kufunika, kwa maana sikuangalia.

Uwanjani nilimkuta Bi Zuhura mbele ya ghala lake. Ni mwanamke wa Usagara, mfanyabiashara, ulimi wake hauna breki. Ndege kubwa hunywa mafuta yanayofanana na ya taa, ila vindege kama changu hunywa petroli yake maalumu, na hapa Tanga alikuwa akiiuza yeye tu, kwa mapipa yanayoletwa na lori. Kila asubuhi, ndege ije isije, hukinga petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua kwenye mwanga aone kama imeingia maji, kisha akaitenga isitumike tena. Asubuhi ile pia alikuwa ameinua chupa yake. Nikamweleza kinagaubaga ninakokwenda na kwa nini.

"Nenda," akasema. "Ukijua uje uniambie na mimi kwa nini nauza ghali."

Nikacheka, nikapanda. Sikununua kitu. Nilikuwa bado na petroli ya Unguja kwenye mabawa.

Kusini mwa Pangani nilitua kwenye kiwanja cha majani cha hoteli moja ya watalii. Ilikuwa masika, hoteli haina mgeni hata mmoja. Meneja, bwana wa Kichaga aitwaye Elibariki, alifurahi kuona binadamu hata chai ikafika kabla injini haijapoa. Alikuwa na mapipa yake machache ya dharura, na aliponitajia bei nilipiga mbinja. Akanieleza bila kukasirika. Lori linatoka Dar, mwisho wa njia ni tope tupu, hukodi trekta livute. Kisha kuna kibali, kuna mitungi ya kuzimia moto, kuna mlinzi, na hivyo vyote hulipiwa hata kama anga ni tupu mwezi mzima. Gharama ile ile, Unguja wanagawana ndege chungu nzima. Kwake wanagawana wawili watatu.

Alinimiminia kikombe cha pili kabla sijamaliza cha kwanza. Akaniomba nibaki tule pamoja, kulikuwa na kuku. Nikasema nina haraka, wala sikuwa nayo. Niliporuka alikuwa amesimama mwisho wa kiwanja, bado anapunga mkono. Nikaona haya, lakini sikugeuza.

Juu ya bahari hakukuwa na wa kusema naye. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu, mikanda imefungwa kama nilivyoifunga. Huko angani hunijia kuzungumza na marehemu mke wangu, namwonyesha mawingu kama mwehu. Siku hiyo nilimwambia habari ya yule bwana na kuku wake. Nikatamani sana mtu wa kunijibu.

Unguja nilifika adhuhuri. Pale ni pirikapirika, ndege zimepangana kusubiri, na muuza petroli, Haji, hana nafasi hata ya kujikuna. Tunajuana siku nyingi. Alikwisha kutia mpira kwenye bawa langu kabla sijamwamkia, maana anajua mimi hujaza hadi shingoni. Nikamuuliza siri ya bei yake. Akasema hana siri, petroli yake hailali, ikishuka leo imekwisha. Nikamuuliza tena, sasa Tanga kwa nini ilale? Akanitazama kuona kama namtania.

"Wateja wa Tanga si ndio nyinyi?" akasema. "Mnajaza kwangu, mnakwenda Tanga kushusha watu, mnarudi kujaza kwangu. Yule mama amuuzie nani?"

Loo! Nilibaki nimeshika bawa. Miaka yote nimekuwa nikijiona mjanja. Tulikimbia bei yake, mzigo wote ukawaelemea wachache waliobaki, bei ikapanda, na hao nao wakakimbia. Kisha tukakaa barazani kumsema kuwa ana tamaa.

Nikamwambia Haji afunge mpira. Akadhani nimeishiwa, akataka kunikopesha, masikini. Nilichukua ya kunifikisha Tanga na akiba inayotakiwa na sheria, basi. Pale pale chini ya bawa nikampigia tajiri. Nikamwambia hakuna mwizi, mwizi ni sisi. Tukijaza Tanga kila siku, na wenzetu wakifuata, bei itashuka yenyewe. Akasema haya, mwambie asifunge, tujaribu. Nikaruka bila kula. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikuwa na hamu ya kufika.

Alasiri nilitua Tanga. Ghala lilikuwa wazi, na ndani mlibaki harufu tu. Lori la mnunuzi kutoka Dar lilikuwa limekwisha kubeba mapipa, na kibali chake mama alikuwa amekirudisha mchana ule ule. Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki, pembeni yake pipa moja lenye lakiri. Nikamwambia mbio mbio kuwa tajiri amekubali, kuwa nimejua kwa nini ni ghali.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu ajue."

Nikamuuliza lile pipa ni la nani.

"Lako. Ndege ikihama itataka mafuta ya kuondokea."

Akalifungua, akakinga kwenye chupa yake, akaiinua. Tukatazama wote wawili. Ilikuwa safi, haina tone la maji. Nikalipa bei yake, nikajaza.

Tajiri nilimpigia tena. Hakugomba. Alisema tu kwamba mahali pasipo na petroli ndege hailali, nianze kufungasha.

Jioni nilikwenda Chumbageni. Nilichojifunza safari ile nilikuwa nacho kifuani kama jiwe: mahali hapaangamizwi na maadui peke yao, hata sisi tunaopapenda tunapaangamiza, kwa kwenda kujaza kwingine. Dada alikuwa amekwisha kula. Sufuria imeoshwa, imelazwa kifudifudi, na kawa limetundikwa ukutani lina vumbi. Hakuniuliza kama nimekula. Alikwisha kulizoea jibu langu.

"Dada," nikasema, "nina njaa."

Akanyanyuka na miguu yake mibovu. Nikamwambia akae, nitapika mwenyewe, akanisukuma kando. Wali ulipokuwa unachemka nikamweleza yote, ya petroli na ya kuhama. Aliendelea kukuna nazi, hakuinua uso. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Alipopakua, alipakua sahani mbili. Moja akaniwekea mbele yangu. Nyingine akaiweka kwenye meza ya pembeni, akashusha kawa, akalifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, akafunika.

Nikamuuliza hiyo ni ya nani, na yeye ameshakula.

"Ya kesho," akasema. "Si bado upo?"