Siku Niliyoliliwa Nikiwa Hai

Wakuu wa wilaya yetu na wenzao wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, walikubaliana kwamba tetemeko la ardhi halisimami mpakani, hivyo lazima tujifunze kuokoana. Ikapangwa siku ya zoezi. Walitaka majeruhi anayejua Kiswahili na Kifaransa. Mimi nilikulia Bukavu kabla ya kurudi Rwanda, na sasa nashona nguo hapa Kamembe, nikachaguliwa. Mtaalamu wa majanga, mgeni kutoka Ulaya, alinieleza kwa upole kwamba ukuta umeniangukia, mguu umevunjika, hospitali yetu imejaa, na nitabebwa hadi ng'ambo.

"Naruhusiwa kulia?" nikamuuliza.

"Lia sana."

Damu yangu ilikuwa nyanya ya kopo. Jua lilipopanda kidogo, nzi walikuwa wameshapata habari, nami nikawa nanukia kama mchuzi.

Machela ilibebwa na wanaume wanne, wawili wetu na wawili wa Kongo. Nina mwili, sifichi. Mkubwa wa upande wetu alitoa amri kwa Kinyarwanda, wa upande wa pili akatoa yake kwa Kifaransa, na kwa muda miguu yangu ilielekea Bukavu huku kichwa kikirudi nyumbani. Nililia bila kuigiza.

Tulipofika katikati ya daraja la mpakani, shangazi yangu wa Bukavu alikuwa anakuja na beseni la mikate kichwani. Hakuna aliyemwambia habari za zoezi. Beseni likaanguka.

"Mutoto ya kaka yangu! Bamemuua!"

"Tante, niko muzima," nikanong'ona, maana tulikatazwa kuharibu mchezo.

"Anasema! Bado roho iko!"

Akaikamata machela. Wanawake wachuuzi waliomfuata hawakunijua hata kidogo, lakini si adabu kumwacha mtu alie peke yake, basi nao wakaangua kilio. Daraja zima likawa matanga. Mtaalamu alipiga makofi.

"Hawa mmewaandaa lini? Wanafanya vizuri sana!"

Afisa wa mpaka wa upande wa pili akaja, akatutazama sote, akainua mkono.

"Carte ya huyu muntu iko wapi?"

"Papa, ni mugonjwa," mbebaji mmoja akamjibu.

"Mugonjwa naye anakuwaka na carte."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikaketi wima. "Papa, nimetoka chini ya ukuta! Ulitaka nitafute kwanza sakoshi yenye kitambulisho?"

Kilio kikakatika. Shangazi alinitazama usoni, akagusa damu, akainusa. Kisha akanichapa kofi juu ya ule mguu uliovunjika.

"Siku utakufa ya kweli, mimi sitalia!"

Akaenda kuokota mikate yake, na wale wachuuzi wakamsaidia, wakinitupia macho ya hasira kana kwamba nimewadhulumu machozi.

Kwenye mkutano wa baadaye watu walicheka mpaka wakashika mbavu, isipokuwa yule afisa. Alisimama akasema kwamba lingekuwa tetemeko la kweli, ningefia pale pale mbele yake. Wakakubaliana kwamba majeruhi apite kwanza, karatasi baadaye, na kwamba amri zote darajani zitolewe kwa Kiswahili. Wakafungua pia kikundi cha simu cha kupeana habari za hatari. Nami wakaniingiza, sijui kama majeruhi wa kudumu.

Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi moja, ujumbe ulitoka Bukavu: mvua kubwa imeshika, udongo wa milimani umeanza kuteremka, na mawingu yanakuja kwenu. Nikampigia dada yangu, ambaye nyumba yake iko chini ya mteremko kule Mururu. Alibisha, nikapiga kelele, mwishowe akatoka na watoto na majirani wakaenda kujihifadhi kanisani. Kabla ya mchana udongo ulishuka ukafukia jiko lake lote. Hakuna aliyeguswa.

Alinipigia kutoka kanisani. Nilidhani anataka kunishukuru.

"Maharage yangu kule jikoni ilikuwa inakaribia kuiva," akasema, kisha akaanza kulia, nami nikalia naye.